Maradhi ya Kusahau na Elimu ya Kumuuguza Mzee Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama katika vijiji vya Unguja, hutokea jambo lifuatalo. Bibi aliyepita umri wa miaka 75 huvua bangili yake ya dhahabu usiku, akaifunga katika pindo la kanga na kuificha chini ya godoro. Asubuhi huitafuta asiione. Humwita mjukuu wake, mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayelala naye chumba kimoja, akamwambia mbele ya watu kwamba ameiiba. Mjukuu hulia na kuapa. Mama mtu hugomba. Mwishowe bangili huonekana, lakini bibi haombi radhi, kwa kuwa hakumbuki tena kwamba alimshutumu mtu. Baada ya siku mbili tatu mambo huwa yale yale.

Jamaa hutafuta sababu. Wako wasemao kuwa huo ni uzee tu. Wako waonao kuwa bibi amekuwa na roho mbaya. Na wako wampelekao kwa mganga kwa kudhani kwamba amepandwa na shetani. Ukweli ni kwamba ubongo wake unaugua. Maradhi hayo hayajapata dawa ya kuyaponya. Hata hivyo ipo elimu ya kumuuguza aliyepatwa nayo, nayo ni elimu inayoweza kufundishwa kwa mtu yeyote mwenye subira, hata kama hakusomea udaktari.

MARADHI YENYEWE

Demensia ni jina la hali ambayo kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa kuamua mambo hupungua kidogo kidogo, mpaka mtu akashindwa kujiendeshea maisha yake ya kila siku. Hali hii si sawa na usahaulifu wa kawaida wa uzeeni. Mzee mwenye afya huweza kusahau mahali alipoiweka miwani yake. Mgonjwa wa demensia huweza kuishika miwani mkononi asijue ni ya kazi gani.

Maradhi yanayoleta hali hii ni mengi, na lililo mashuhuri zaidi limepewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya mji wa Frankfurt, daktari huyo alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Mwanamke huyo alikuwa akimshuku mumewe bila ya sababu, akihamisha vitu na kuvificha nyumbani, na akishindwa kukumbuka hata mambo aliyoulizwa muda mfupi uliopita. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge ya takataka baina ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Tarehe 3 Novemba mwaka huo alitoa taarifa yake mbele ya wataalamu wenzake mjini Tübingen. Leo inajulikana kwamba mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Maradhi ya Alzheimer ndiyo sababu ya demensia kwa wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100.

Sababu nyingine kubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari kisichotibiwa huweza kuzibika mishipa midogo midogo, na kila sehemu ya ubongo inayokosa damu hufa. Ndiyo maana wataalamu husema kuwa kinga ya demensia huanza mapema: kupima shinikizo la damu, kuacha tumbaku, kuushughulisha mwili, na hata kutibu uziwi. Jopo la kimataifa la wataalamu lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 ambayo yanaweza kupunguzwa au kuepukwa, na kukosa elimu ya skuli utotoni ni mojawapo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 walikuwapo wagonjwa wa demensia milioni 57 duniani, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, uchunguzi mashuhuri ulifanywa mwaka 2010 katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipimwa, na ilionekana kwamba kiasi cha wazee 6 katika kila 100 wa umri huo walikuwa na demensia. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na maradhi ya Alzheimer, na wengi wa waliobaki walikuwa na demensia ya mishipa ya damu.

Kutokana na kazi iliyofanyika Hai, watafiti walitunga kipimo kifupi kinachomfaa hata mzee ambaye hakuwahi kuingia darasani. Mzee haambiwi aandike wala asome. Huulizwa, kwa mfano, daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, na kiongozi wa mahali pake ni nani. Hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Huonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti naye akalipanga mfano wake. Na hutajiwa maneno 10 ambayo baadaye hutakiwa kuyakumbuka. Kipimo hiki hakimalizi kazi ya daktari, lakini humwonyesha mhudumu wa afya ni nani anayestahili kupelekwa hospitali.

KWA NINI BIBI HUSEMA AMEIBIWA

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ndani yake, upande wa kulia na wa kushoto, mna sehemu ndogo iliyopinda iitwayo hipokampasi. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, ambaye sehemu hiyo imefanana naye. Kazi yake mojawapo ni kuyapokea mambo mapya na kuyaandaa ili yahifadhiwe. Inaweza kufananishwa na karani wa mapokezi: barua isiyopita kwake haifiki katika jalada.

Maradhi ya Alzheimer huishambulia hipokampasi mapema. Hapo hueleweka mambo matatu ambayo jamaa huyaona kuwa ya ajabu.

Kwanza, bibi huikumbuka harusi yake ya zamani, lakini hakumbuki chakula alichokula mchana. Harusi ilikwisha kuhifadhiwa katika sehemu nyingine za ubongo miaka mingi kabla ya maradhi. Chakula cha mchana hakikuhifadhiwa kabisa.

Pili, bibi husema ameibiwa. Yeye hakuisahau bangili. Alichopoteza ni kumbukumbu ya kuificha. Kwa kadiri ubongo wake unavyojua, bangili ilikuwa mkononi na sasa haipo, naye hakuiondoa. Mtu mwenye akili timamu akipewa habari hizo tu, naye atasema kuwa imeibwa. Kwa hiyo tuhuma ile haitokani na roho mbaya. Bibi anajaribu kuziba pengo kwa kutumia mantiki iliyobaki.

Tatu, bibi asiyejua siku ya leo huweza kusuka ukili, kupeta mchele au kutawadha bila ya kukosea. Mazoea ya mikono huhifadhiwa katika sehemu nyingine za ubongo, ambazo maradhi huchelewa kuzifikia.

Liko na jambo la nne, ambalo ndilo msingi wa mafunzo ya wauguzaji. Hisia hudumu baada ya tukio kusahauliwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliotangazwa mwaka 2014, wagonjwa wa Alzheimer walionyeshwa filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha waliyoipata iliendelea kuwamo ndani yao. Maana yake ni kwamba mzee anayegombezwa asubuhi atayasahau maneno, lakini huenda akashinda na hofu asiyojua imetoka wapi. Na anayetendewa upole, vilevile, hubaki na utulivu baada ya kumsahau aliyemtuliza.

MISINGI YA KUUGUZA

Msingi wa kwanza ni kuacha kushindana. Mgonjwa akisema "nataka kwenda kwetu" ilhali yumo ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakuna faida ya kumthibitishia kwamba hapo ndipo kwao. Mara nyingi "kwetu" maana yake ni mahali pa salama. Muuguzaji aliyefundishwa huijibu hisia kwanza: humwuliza habari za huko kwao, akamshika mkono, kisha akamwelekeza kwenye jambo jingine, kama kikombe cha chai.

Msingi wa pili ni kuigawa kazi katika hatua. "Nenda kaoge" ni amri moja kwa mwenye afya, lakini kwa mgonjwa ni amri kumi. Humfaa zaidi aambiwe hatua moja, aifanye, ndipo aambiwe nyingine. Vivyo hivyo katika kuchagua: asiulizwe anataka kula nini, bali aonyeshwe ndizi na mkate achague kimoja.

Msingi wa tatu ni kuitengeneza nyumba imfae mgonjwa. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za mwinuko mkali na vyumba vingi vina giza. Taa iwashwe kabla ya Maghribi, kwa sababu wagonjwa wengi huzidiwa na wasiwasi jua linapokuchwa na vivuli vinaporefuka. Mikeka inayoteleza iondolewe njiani. Mlango wa choo utiwe alama inayoonekana. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, na jiko lisiachwe likiwaka bila ya mtu.

Msingi wa nne ni kumwachia kazi anayoiweza. Husemwa mara kwa mara kuwa mzee wa namna hii "amerudi utotoni". Usemi huo unapotosha. Mtoto kila siku huongeza jambo ambalo hakulijua. Mzee huyu anapungukiwa na mambo aliyoyajua, naye bado anayo heshima yake ya umri na haya yake. Apewe mchele apete hata kama hauna chuya. Avute tasbihi. Asikilizishwe taarabu za ujana wake, za vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, kwa kuwa nyimbo ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa sana kusahaulika.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji uangalifu wa pekee. Saa za kula na za kulala hubadilika, na mgonjwa huchanganya usiku na mchana. Mara nyingine hung'ang'ania kufunga huku mwili wake ukikosa maji na dawa. Jamaa huona uzito wa kumlisha mchana. Hapo inafaa kukumbuka kwamba wanavyuoni wa Kiislamu wamefundisha tangu zamani kuwa wajibu wa ibada hufuatana na akili, na mgonjwa naye ana ruhusa yake. Shauri la daktari na la mwanachuoni likipatikana mapema, wasiwasi wa nyumba nzima hupungua.

Msingi wa tano ni kulitambua badiliko la ghafla. Demensia huzidi kwa miezi na miaka. Mzee ambaye jana alikuwa akizungumza, na leo anapayuka au hazinduki vizuri, huenda ana homa, maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kiharusi, au amedhuriwa na dawa. Huyo apelekwe hospitali siku ileile. Aidha, huzuni nzito, maradhi ya tezi na upungufu wa baadhi ya vitamini huweza kufanana na demensia, na hayo yanatibika. Kwa sababu hiyo haifai jamaa kujiamulia wenyewe bila ya kumwonyesha mgonjwa kwa daktari.

Ziko dawa, kama donepezili, ambazo huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Dawa mpya zinazoondoa amiloidi, ambazo mojawapo ilipata idhini kamili nchini Marekani mwaka 2023, huchelewesha kidogo maradhi yakiwa machanga, lakini ni ghali na zinahitaji vipimo vya mara kwa mara vya mitambo mikubwa. Kwa familia nyingi za Unguja, tiba iliyo karibu ingali ni mtu anayejua kuuguza.

HATARI YA KUFICHA

Mji Mkongwe una vichochoro vinavyopinda na kukutana kwa namna ambayo hata mgeni mwenye akili zake hupotea. Mgonjwa wa demensia huweza kutoka Kiponda kwa nia ya kwenda Darajani na akaonekana usiku Malindi, amechoka na hana viatu. Jamaa wengi, kwa hofu na aibu, huamua kumfungia chumbani. Uamuzi huo una hatari yake: moto ukitokea hawezi kutoka, na kufungiwa kwenyewe humzidishia fadhaa.

Lakini mji huohuo unayo kinga ambayo miji mingi mikubwa ya ulimwengu imeikosa. Mbele ya nyumba ziko baraza za mawe, na katika baraza hizo wako watu tangu alasiri mpaka usiku: wanywaji kahawa, wachezaji wa bao na wauza duka. Watu hao wakiambiwa wazi kwamba mzee fulani ana maradhi ya kusahau, na kwamba akionekana peke yake azungumzishwe kwa upole na kurudishwa kwao, mtaa mzima huwa mlinzi wake. Mfukoni atiliwe karatasi yenye jina na namba ya simu ya nyumbani. Vijijini, kama Makunduchi au Donge, majirani wa shambani na wa pwani hufanya kazi hiyohiyo.

Kinga hii haifanyi kazi pale maradhi yanapofichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Nyumba inayosema "bibi hajambo, amelala tu" humwondolea bibi macho ya mtaa yaliyokuwa tayari kumlinda, na humwachia mzigo wote mtu mmoja aliyemo ndani.

MUUGUZAJI NAYE NI MTU

Mtu huyo mmoja mara nyingi ni mwanamke: mke, binti au mkaza mwana. Mara nyingine ni mjukuu ambaye hukesha usiku na kusinzia darasani. Hulala kidogo, huacha shughuli zake, na hukasirika kisha akajilaumu kwa kukasirika. Muuguzaji aliyechoka ndiye anayepaza sauti, na mgonjwa aliyeogopeshwa ndiye anayezidi kufadhaika. Hivyo uchovu wa mmoja hurudi kuwa maradhi ya wote wawili.

Kwa hiyo mafunzo mazuri hayamfundishi binti peke yake. Huwakusanya jamaa wote, wanaume kwa wanawake, wakagawana zamu: nani atalala na mgonjwa usiku, nani atampeleka hospitali, nani atakaa naye siku ya Ijumaa ili muuguzaji apumzike. Jamaa anayeishi mbali naye huweza kuchangia fedha, na pia kupiga simu na kusikiliza.

NANI ATAFUNDISHA

Baadhi ya watu hudhani kwamba elimu hii inahitaji wataalamu wengi ambao hawapo. Matokeo ya Goa, katika pwani ya magharibi ya India yenye uhusiano wa miaka mingi na Unguja, yanaonyesha vinginevyo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2008, familia 81 zilihusishwa. Washauri waliozitembelea majumbani walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi na kusimamiwa na wataalamu. Maradhi ya wagonjwa hayakupona, lakini afya ya akili ya wauguzaji ilikuwa bora zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo kwa wauguzaji wa nyumbani uitwao iSupport, wenye sehemu tano: kuyajua maradhi, kuwa muuguzaji, kujitunza mwenyewe, kazi za kila siku, na kukabili mabadiliko ya tabia.

Zanzibar ina misingi ambayo juu yake elimu hiyo inaweza kujengwa. Kila shehia ina wahudumu wa afya wa kujitolea ambao wamezoea kwenda nyumba kwa nyumba kwa ajili ya afya ya mama na mtoto. Aidha, tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inalipa pencheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, awe mtu alikuwa na ajira au hakuwa nayo. Maana yake wazee wa umri ulio katika hatari wanajulikana majina yao na mahali wanapoishi. Mhudumu anayebisha hodi kumpima mtoto uzito anaweza, akifundishwa, kuuliza pia: je, mzee wa nyumba hii anasahau kuliko zamani?

Skuli nazo zina sehemu yao. Somo la Biolojia linapofika kwenye mfumo wa neva, mwalimu anaweza kuieleza hipokampasi kwa mfano wa bangili badala ya kuitaja jina tu. Katika darasa la wanafunzi arobaini huenda wapo wawili watatu wanaoishi na mzee wa namna hiyo, nao hawajamwambia mtu.

Yule mjukuu wa Kidato cha Pili, akisha kuelewa, haapi tena. Husema: "Pole bibi, bangili yako naijua. Haya natuitafute sote." Huanza kutafuta kabatini ili bibi asione kuwa alijua, kisha huinua godoro. Bibi huivaa bangili yake, humwombea mjukuu dua, na baada ya muda husahau kwamba ilipotea. Wiki ijayo watatafuta tena.